Mistari imejaa, mtandao haufunguki: tafuta chanzo kabla ya kununua antena nyingine

Malalamiko ya waifai hapa Tanga yana sura moja: "Fundi, mtandao umejaa lakini haufunguki." Simu inaonyesha mistari yote, ila picha ya WhatsApp inazunguka tu, haiendi. Dawa inayokimbiliwa ni kununua antena kubwa zaidi au kupandisha nguvu ya mtambo, yaani kifaa kinachorusha waifai, hadi mwisho. Mara nyingi pesa inakwenda na tatizo linabaki palepale. Nimeandika haya kwa ajili ya anayeuza waifai ya vocha Ngamiani, anayehudumia shule au nyumba ya wageni Raskazone, na aliyefunga linki ya kuvusha mtandao ng'ambo ya maji. Wote hao wanaumizwa na jambo moja: kuchanganya nguvu ya mawimbi na uwezo wa mtandao.

Mistari ya simu inapima nguvu tu. Uwezo ni kiasi cha data kinachopita kwa watu wote kwa pamoja ndani ya sekunde moja. Mwanahisabati Claude Shannon alionyesha mwaka 1948 kwamba uwezo wa chaneli unategemea upana wake na uwiano kati ya mawimbi na kelele. Upana unalipa sana. Uwiano unalipa kidogo kidogo. Chukua chaneli ya MHz 20 ambayo mawimbi yake yanazidi kelele mara 100, yaani desibeli 20. Kikomo chake ni kama Mbps 133. Zidisha nguvu mara mbili, unafika 153. Sasa rudi kwenye nguvu ya mwanzo, uigawe nusu kwa nusu kwenye mikondo miwili isiyoingiliana. Kila mkondo unabeba Mbps 113, jumla unapata zaidi ya 226, na hujaongeza hata wati moja.

Kwa hiyo antena inaongeza uwezo pale inapowezesha mazungumzo mawili au zaidi kwenda kwa wakati mmoja bila kusikilizana. Unapopambana na dalili yoyote kati ya hizi zifuatazo, jiulize kwanza kama unachotaka kununua kitafanya kazi hiyo.

Kabla ya kupanda mlingoti

Chomeka kompyuta kwa waya kwenye ruta kuu, saa ileile ambayo watu wanalalamika, upime spidi. Kama kwa waya unapata Mbps 8 na wateja ni 40, hakuna antena duniani itakayokusaidia. Kama kwa waya spidi ni nzuri na hewani ni mbaya, endelea.

Fungua ukurasa wa hali ya mtambo usome vitu vinne: nguvu ya mawimbi ya kila mteja kwa dBm (kipimo cha nguvu kwa desibeli), kiwango cha kelele, asilimia ya muda wa hewani unaotumika, na nguvu ya kila cheni, yaani antena moja na njia yake ndani ya mtambo, peke yake. Kumbuka namba za dBm ni hasi, kwa hiyo -60 ni bora kuliko -70. Toa kelele kwenye mawimbi: mteja mwenye -65 mahali penye kelele ya -92 ana tofauti ya desibeli 27, na huyo yuko vizuri. Tofauti ya desibeli 25 hivi ndiyo inayovipa vifaa vya 802.11n, kizazi kimojawapo cha waifai, daraja lao la juu la spidi. Ikishuka chini ya 10, mteja anaburura, na ubaya wake ni kwamba anawaburura na wenzake.

Dalili: mchana safi, usiku hakuna kitu

Hii ndiyo inayoongoza, hasa Ngamiani, Makorora na kila mahali nyumba zilipobanana. Mistari haipungui, ila kuanzia magharibi spidi inaanguka na inarudi watu wakilala.

Chanzo cha kwanza ni kugombea muda wa hewani. Chaneli moja ya waifai ni kipaza sauti kimoja harusini: anayekishika anaongea, wengine wote wanasubiri. Na wanaosubiri si wateja wako tu. Ruta ya jirani iliyo kwenye chaneli hiyohiyo, ikisikika na mtambo wako, nayo inapanga foleni pamoja nanyi. Ukiona muda wa hewani umefika asilimia 80 huku data inayopita ni kidogo, chanzo umekipata.

Ndani ya foleni hiyo kuna mtu anayekula muda wa wenzake bila kujua. Pakiti, yaani kifurushi kimoja cha data, ya baiti 1,500 ikitumwa kwa Mbps 144 inachukua chini ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Pakiti ileile kwa mteja wa mbali anayepokea kwa Mbps 1 inachukua milisekunde 12. Mteja mmoja aliye nyuma ya kuta tatu anatumia muda ambao ungetosha zaidi ya pakiti mia za mwenzake wa karibu. Ingia kwenye mipangilio uzime madaraja ya chini ya spidi, yaani Mbps 1, 2, 5.5 na ikiwezekana 6. Huyo wa mbali atapotea au atahamia mtambo ulio karibu naye zaidi, na wengine watapumua. Wafanyabiashara wengi wanaogopa hatua hii kwa sababu wanaona wanapoteza mteja. Mimi naona ni ya kwanza kujaribu, kwa sababu ni bure na matokeo yake yanaonekana usiku huohuo.

Chanzo cha pili ni antena yenyewe. Antena ya pande zote inatuma kila upande na pia inasikia kila upande. Ukiiweka juu ya mlingoti wa mita 12 katikati ya barabara za namba, inakusanya ruta za mitaa yote na kuziingiza kwenye foleni yako. Ukiibadilisha na kubwa zaidi ya pande zote, itasikia majirani wengi zaidi.

Dawa hapa ni sekta. Unaweka antena tatu, kila moja ikitazama nyuzi 120, na kila moja ina mtambo wake na chaneli yake. Pale palipokuwa na mazungumzo mamoja sasa yako matatu. Kwenye masafa ya GHz 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11, kwa hiyo sekta tatu zinamaliza zote na majirani nao wanazitumia. Ndiyo maana nawashauri watu wahamishie mzigo mkubwa GHz 5, ambako nafasi ni nyingi zaidi, na 2.4 ibaki kwa simu za zamani.

Kuna mtego ambao nimeukuta kwa zaidi ya mtu mmoja. Mtu ananunua antena tatu za sekta, halafu anaziunganisha zote kwenye mtambo mmoja kwa splita, kile kifaa cha kugawa mawimbi. Splita ya njia tatu inapoteza karibu desibeli 5, na kipaza sauti bado ni kimoja. Hapo umenunua antena ya pande zote kwa bei kubwa. Sekta bila mtambo wake haiongezi uwezo.

Mitambo ikiwa kwenye mlingoti mmoja, iachanishe kwa mita moja au zaidi kwa wima na usiipe chaneli zinazogusana. Chagua antena isiyovujisha sana mgongoni. Karatasi ya vipimo vyake itakuonyesha tofauti ya mbele na nyuma, nayo ikifika desibeli 25 inafaa.

Halafu punguza upana wa chaneli. Najua inasikika kinyume, kwa sababu nimetoka kusema upana unalipa. Unalipa ukiwa peke yako. Mtaa uliobanana chaneli ya MHz 80 inakusanya kelele za chaneli nne za MHz 20, kiwango cha kelele kinapanda desibeli 6, na ni rahisi kugongana na jirani. Mitambo minne yenye MHz 20 kila mmoja inahudumia watu wengi kuliko minne inayogombania MHz 80 ileile.

Dalili: video inashuka vizuri, picha haipandi

Mteja anatazama video bila shida, lakini akituma picha inakwama. Mtambo wako una nguvu na simu yake haina. Simu inatuma kwa nguvu ndogo sana kulinganisha na mtambo wa nje, kwa hiyo anakusikia na wewe humsikii. Kupandisha nguvu ya mtambo kunazidisha tatizo: eneo la mistari inayodanganya linapanuka, watu wengi zaidi wanajiunga kutoka mahali ambapo simu zao haziwezi kujibu.

Tofauti kati ya nguvu na antena inaonekana wazi hapa. Nguvu inasaidia kutuma tu. Antena yenye ukuzaji wa desibeli 6 zaidi inasaidia kutuma na kupokea, inamlenga mteja na papo hapo inamsikiliza vizuri zaidi. Kwa hiyo shusha nguvu ya mtambo hadi ifanane na ya simu, weka antena inayolenga, na mahali palipobaki gizani ongeza mtambo mwingine mdogo. Kisheria pia kinachohesabiwa ni nguvu ya mtambo ikijumlishwa na ukuzaji wa antena, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ndiyo inayosimamia masafa na leseni za kuuza huduma. Soma masharti yao kabla hujafunga dishi kubwa.

Dalili: umenunua MIMO, unapata spidi ya antena moja

MIMO ni mbinu ya kutuma mikondo tofauti ya data kwa wakati mmoja, kwenye chaneli moja, kupitia antena kadhaa. Hesabu zake zilifanywa katikati ya miaka ya 1990 na watafiti wa Bell Labs kama Emre Telatar na Gerard Foschini, na ikaingia kwenye waifai rasmi na 802.11n mwaka 2009. Mtambo wa 802.11n kwa MHz 20 unafika Mbps 72 kwa mkondo mmoja na 144 kwa mikondo miwili. Kama wako wa antena mbili haupiti 72 hata mteja akiwa karibu, mkondo mmoja umekufa au haujawahi kuzaliwa.

Anza kwa kuangalia simu ya mteja. Simu nyingi za bei nafuu zina antena moja ya waifai, na mikondo haiwezi kuzidi antena za upande wenye chache. Jaribu kwa kompyuta mpakato yenye antena mbili kabla hujalaumu mtambo.

Kisha soma cheni. Cheni 0 ikisoma -58 na cheni 1 ikisoma -74, tofauti ya desibeli 16 haitokani na hewa. Kuna kebo, konekta au antena iliyoharibika upande mmoja. Tofauti hadi desibeli 3 au 4 ni ya kawaida. Ikizidi 6, panda ukaangalie.

Na ukiwa Tanga, ukipanda, shuku chumvi kabla ya kitu kingine. Upepo wa bahari unaileta usiku na mchana, iwe kaskazi au kusi. Fungua konekta ya aina ya N iliyokaa mwaka mmoja Raskazone bila kufungwa vizuri. Utaona unga mweupe kwenye nyuzi za nje, na ndani, kuzunguka kile kipini cha katikati, kutu ya kijani ya shaba. Wakati mwingine tone la maji limekaa kwenye plastiki nyeupe. Kebo yenyewe kwa nje inang'aa kama mpya. Kata kipande cha mwisho uangalie matundu ya waya uliosukwa. Yakiwa meusi, maji yameshapanda ndani kwa njia ya waya na kubadilisha konekta peke yake hakutoshi. Kata urudi nyuma hadi ukute shaba inayong'aa, au badilisha kebo nzima. Unapofunga upya, zungushia kwanza utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kuanzia chini kwenda juu ili maji yateleze kama kwenye vigae, halafu juu yake utepe mweusi unaohimili jua. Chini ya konekta iachie kebo ining'inie kidogo kwa mkunjo, maji yadondokee hapo.

Urefu wa kebo nao unaua kimya kimya. Kebo nyembamba ya RG58 inapoteza karibu desibeli 1 kwa kila mita kwenye GHz 2.4. Mita 10 zinakula sehemu tisa za kumi za nguvu yako. Ndiyo maana mitambo ya kisasa inafungwa mgongoni mwa antena, na waya unaopanda mlingoti unabeba data na umeme tu.

Kama cheni ziko sawa na mkondo wa pili bado haupatikani, tatizo ni mpangilio wa antena. Ndani ya nyumba mawimbi yanagonga kuta na kabati na kufika kwa njia nyingi, kwa hiyo antena mbili zilizoachana kwa nusu ya urefu wa wimbi, kama sentimita 6 kwenye GHz 2.4, zinapata mikondo miwili tofauti. Nje, juu ya mlingoti, mlingoti mwingine ukionekana wazi, njia ni moja tu. Antena mbili zote zikiwa wima zinasikia kitu kilekile, na mikondo haitenganishiki. Dawa ni kuweka moja wima na nyingine mlalo, au zote mbili kwa mshazari wa nyuzi 45 kila moja upande wake. Dishi na sekta nzuri za leo zina mpangilio huo ndani tayari. Kazi yako ni kuhakikisha ncha ya pili imefungwa kwa mpangilio uleule. Wima ikitazamana na mlalo unapoteza desibeli 20 na zaidi. Kwa ruta ya ndani yenye antena za vijiti, usisimamishe vyote kama askari gwaride, laza kimoja.

Dalili: linki ya juu ya maji inakufa na kufufuka

Hili ni tatizo la pwani kwelikweli, na wengi wanalihangaikia kwa miezi kwa sababu mtambo ukishushwa na kupimwa unakuwa mzima. Linki inakatiza ghuba, tuseme kutoka upande wa mjini kuelekea Chongoleani. Inafanya kazi vizuri saa kadhaa, inadhoofika hadi kukatika, inarudi yenyewe. Mteja anasema ni umeme, fundi anasema ni mtambo.

Andika saa za kukatika kwa siku nne mfululizo. Kama zinaangukia saa zilezile kila siku, chanzo ni watu au mashine fulani inayowashwa. Kama kila siku zinasogea mbele kwa dakika kama 50, chanzo ni bahari. Maji kujaa na kupwa yanachelewa kiasi hicho kila siku, na mkatiko unayafuata. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, unakuwa mbaya zaidi. Siku za maji mafu unaweza kutoweka kabisa.

Sababu yake ni kwamba antena ya mbali inapokea mawimbi mara mbili: yaliyokuja moja kwa moja na yaliyogonga uso wa maji. Ya pili yanapogonga maji yanapinduka, na yamesafiri njia ndefu kidogo. Tofauti ya njia ikiwa nusu ya urefu wa wimbi, yanajumlika. Ikiwa urefu mzima wa wimbi, au mara mbili yake, yanafutana.

Tuchukue linki ya kilomita 5 kwenye GHz 5.8, ambako urefu wa wimbi ni sentimita 5.2. Maji yakijaa, antena moja iko mita 15 juu ya maji na nyingine mita 12. Tofauti ya njia unaipata kwa kuzidisha urefu wa antena zote mbili, ukazidisha kwa 2, ukagawa kwa umbali: ni sentimita 7.2, yaani urefu wa wimbi mara 1.4. Hapo mawimbi yanajumlika na linki inang'ara. Maji yakishuka mita 3, antena hizohizo sasa ziko mita 18 na 15 juu ya maji. Tofauti inakuwa sentimita 10.8, mara 2.1. Njiani humo, maji yakiwa yameshuka kama mita 2.6, imepita kwenye mara 2 kamili na mawimbi yamefutana. Hukugusa kitu, bahari imeteremka tu.

MIMO ya wima na mlalo haikuokoi hapa. Mawimbi yanagonga maji kwa pembe ndogo sana, chini ya nyuzi moja, na kwa pembe hiyo wima na mlalo yote yanarudi karibu sawasawa, kwa hiyo mikondo yote miwili inazama pamoja. Wala usitegemee bahari kuchafuka kutavunja uakisi: kwa pembe hiyo, mawimbi ya maji yasiyofika mita moja bado ni kioo mbele ya masafa ya GHz 5.8.

Jibu la kwanza linawashangaza mafundi: teremsha antena. Ukiziweka mita 8 na mita 6 juu ya maji yaliyojaa, tofauti ya njia ni mara 0.37, maji yakishuka mita 3 inakuwa mara 0.77. Haigusi mara 1 kabisa, na muda wote uko upande wa kujumlika. Angalia tu usishuke kupita kiasi. Katikati ya kilomita 5 mawimbi ya GHz 5.8 yanahitaji nafasi wazi ya kama mita 4.8 chini ya mstari wa kuonana, na mita 6 kwa 8 bado zinatosha, hata ukihesabu mpindo wa dunia. Kumbuka pia vyombo vinavyopita; tanga la jahazi linaweza kuziba kwa dakika kadhaa.

Kama huwezi kuteremsha kwa sababu ya mikoko au majengo, tumia antena mbili upande mmoja, moja juu ya nyingine. Kwa mfano wetu, kwa maji yaliyokupwa na antena ya ng'ambo ikiwa mita 18, nafasi inayofaa ni mita 3.6. Antena moja ikiwa mahali pa kufutana, ya pili iko mahali pa kujumlika. Njia rahisi kwa mwenye bajeti ndogo ni linki mbili kwa chaneli tofauti, na ruta ichague iliyo hai. Njia ya tatu ni kurudisha mlingoti nyuma kutoka ufukweni, ili ukingo wa nchi kavu au paa la jengo lizibe mahali mawimbi yanapogonga maji huku mstari wa kuonana ukibaki wazi.

Dalili: ruta inalenga mawimbi, lakini huoni tofauti

Kulenga mawimbi kwa antena kadhaa ni wazo la zamani. Mwanafizikia Mjerumani Karl Ferdinand Braun alilionyesha mwaka 1905 kwa antena tatu. Leo ruta inapima njia ya kila mteja, halafu inapanga muda wa kila antena ili mawimbi yajumlike pale mteja alipo. Antena nne zinaweza kutoa hadi desibeli 6. Kwa MIMO ya watumiaji wengi, ruta inalenga wateja kadhaa kwa wakati mmoja, kila mmoja na mkondo wake.

Isipofanya kazi, angalia kwanza kizazi cha vifaa. Kwenye 802.11n kulikuwa na njia nyingi za kupima, na kifaa cha kampuni hii hakikuelewana na cha kampuni ile, 802.11ac ya mwaka 2013 ilibakiza njia moja. Tena 802.11ac inahudumia wengi kwa wakati mmoja kwenye kushusha tu. Kupandisha kwa pamoja kulikuja na 802.11ax.

Halafu angalia watu. Mtu anayetembea ufukweni anabadilisha njia ya mawimbi kabla kipimo hakijatumika, na kupima kwenyewe kunakula muda wa hewani. Wateja waliokaa benchi moja ruta haiwezi kuwatenganisha. Mbinu hii inalipa darasani, msikitini, ukumbini, mahali watu wamekaa wakaenea huku mtambo ukiwa katikati yao. Kwa mteja wa mbali kabisa faida ni ndogo, kwa kuwa mikondo inahitaji mawimbi yaliyozidi kelele kwa mengi ndipo itenganishwe.

Dalili: umefunga antena kubwa, wa karibu wamepotea

Antena ya pande zote yenye dBi 12 (dBi ni kipimo cha ukuzaji wa antena) imepata ukuzaji wake kwa kubana mawimbi juu na chini, hadi unene wa nyuzi 7 hivi. Ukiifunga mita 20 juu ya vichwa vya watu, ukingo wa chini wa mawimbi unagusa ardhi umbali wa zaidi ya mita 300. Walio chini ya mlingoti wanapitwa juu. Tumia sekta na uiinamishe: urefu gawa kwa umbali wa katikati ya wateja, pembe utaipata kwenye kikokotoo cha simu. Mita 18 kwa mita 300 ni nyuzi 3.4.

Dalili: masika ikianza, mtandao unakwisha

Mvua haiwezi kuua linki fupi ya GHz 5. Hata ikinyesha sana, kilomita moja inapoteza kama desibeli moja tu au pungufu. Kama linki inakufa na mvua, maji yako kwenye konekta, rudi kule kwenye kutu. Kama inabaki mbovu hata mvua ikiisha na inapona majani ya miti yakikauka maji, kuna mwembe au mkungu umekua ukaingia njiani. Linki za GHz 60 ni habari nyingine: mvua inaziumiza kweli, na hewa kavu yenyewe inameza kama desibeli 15 kwa kilomita.

Dalili: ruta ya laini ya simu, Muheza au Pangani, na antena ya nje haisaidii

Ruta ya 4G ina matundu mawili ya antena kwa sababu inategemea MIMO. Ukichomeka antena moja ya nje, umeua mkondo wa pili. Nunua paneli yenye nyaya mbili, iliyopangwa kwa mshazari wa nyuzi 45, maana minara mingi imepangwa hivyo. Unapoizungusha usifuate mistari. Fungua ukurasa wa ruta ufuate SINR, inayopima mawimbi dhidi ya kelele na minara mingine. Kuna wakati mnara wa pili kwa nguvu una SINR nzuri kuliko wa kwanza, na huo ndio wa kuulenga.

Zungusha nyuzi 10, subiri dakika moja, andika namba, endelea hadi umalize duara. Kisha rudi saa 3 usiku upime spidi kwenye ule upande bora. SINR ikiwa palepale na spidi imeanguka, mnara wenyewe umejaa watu, na malalamiko hayo yapelekwe kwa mtoa huduma pamoja na namba ulizoandika.